Damu ya Mtoto Njiti: Lipi la Kweli, Lipi la Kijiweni?

Hapa Kawajense, Mpanda, habari ya mtoto njiti hufika mtaani kabla ya mama yake. Mama bado yuko wodini, mtoto kafungwa kifuani kwa kitenge, lakini huku nyumbani hukumu zimeshatolewa: bibi kasema lake, jirani kasema lake, na kijana wa bodaboda aliyempeleka usiku naye hakukosa la kusema. Mengi ya maneno hayo yanahusu damu. Si ajabu. Damu ndiyo mzazi anayoiona ikitolewa kwenye kisigino kidogo kuliko kidole gumba chake, na ndiyo anayoambiwa imepungua, imezidi kitu fulani au inahitaji kuongezwa.

Nimeyaokota machache kati ya maneno hayo nikayapima kwa yale yanayojulikana kuhusu chembe nyekundu za damu. Mengine nitayapita mbiombio. Jambo moja nitalikalia, lile la chumvi zinazoingia na kutoka ndani ya chembe, kwa sababu halisikiki kijiweni hata siku moja na bado ndilo linaloeleza mengi ya haya mengine.

"Wa miezi saba hupona, wa miezi minane haponi."

Si kweli. Tena si uongo wa hapa kwetu peke yetu: Wagiriki wa zama za Hippocrates walikuwa nao, na umezunguka dunia tangu hapo. Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, na kila wiki anayoongeza tumboni humwongezea nafasi ya kuishi. Wa wiki 34 ana mapafu, figo na utumbo uliokomaa kuliko wa wiki 30. Hakuna mwezi wenye mkosi.

Kinachogeuza hesabu ni matunzo. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto wenye kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza hali zao zitulie, walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28. Waliosubirishwa walikufa asilimia 15.7. Kifua cha mama, si kalenda.

"Njiti ana damu kidogo, na chembe zake ni ndogo kama yeye."

Nusu kweli. Kuhusu kiasi, ni kweli tupu. Mtoto wa kilo moja ana damu isiyofika mililita 100. Chukua kile kikombe kisicho na mkono cha muuza kahawa, kijaze, ongeza funda moja au mawili: hiyo ndiyo damu yote ya mtoto huyo, ya kichwani, ya moyoni na ya miguuni. Mtu mzima ana kama lita 5. Ukimtolea njiti mililita 2 za vipimo, ni sawa na kumtolea mtu mzima mililita 100 kwa mpigo mmoja. Basi nesi anayebana kisigino na kuchukua matone machache tu hafanyi ubahili.

Kuhusu ukubwa wa chembe, mambo ni kinyume kabisa. Chembe nyekundu ya mtu mzima ina ujazo wa femtolita 80 hadi 100. Ya njiti mara nyingi hupita 115. Kadiri mimba inavyokua, ndivyo chembe zinavyopungua ukubwa, kwa hiyo anayezaliwa mapema huja na zile kubwa. Ila hazidumu. Chembe ya mtu mzima huishi siku 120 hivi, ya mtoto aliyetimiza miezi yake 60 hadi 90, ya njiti 35 hadi 50 tu. Zinavunjika upesi, na kila inayovunjika huacha rangi ya njano iitwayo bilirubini, ambayo ini changa haliwezi kuiondoa kwa kasi hiyo. Ndiyo asili ya macho na ngozi kuwa ya manjano. Na wale wanaosema jua la asubuhi linatosha, hapana: njiti akianikwa hupoteza joto au huungua, na bilirubini ikipanda sana hudhuru ubongo. Anahitaji taa maalumu za wodini.

"Kitovu kikatwe haraka, mtoto akahudumiwe."

Kwa mtoto anayepumua, si kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau dakika moja, maana katika muda huo kondo la nyuma bado linamsukumia mtoto damu yake. Kwa mwenye kikombe kimoja cha kahawa, kijiko kimoja cha ziada ni mali. Asiyepumua habari yake ni nyingine. Huyo ahudumiwe kwanza.

"Chembe ni chembe. Ya njiti inafanya kazi kama yangu na yako."

Si kweli, na hapa tuketi.

Chembe nyekundu ni kifuko kilichojaa hemoglobini. Haina kiini wala haigawanyiki; kazi yake ni kubeba oksijeni. Ndani ya kifuko hicho potasiamu ni nyingi, kama milimoli 100 kwa lita ya chembe, na sodiamu ni chache, 10 hivi. Nje yake, kwenye majimaji ya damu, mambo yamepinduka: sodiamu ni 135 hadi 145, potasiamu ni 3.5 hadi 5 tu. Zote mbili zimeyeyuka zikiwa na chaji ya umeme, na kwa hali hiyo huitwa ioni. Utando wa chembe hauzibi kabisa. Kila saa sodiamu kidogo hupenya ndani, na potasiamu kidogo huponyoka nje.

Aliyewahi kupanda mtumbwi kule Karema, Ziwa Tanganyika, anaijua hali hii. Mtumbwi wa mbao huvuja, lakini hauzami, kwa sababu nyuma yupo mtu na kopo lake, anachota maji na kuyamwaga, anachota na kuyamwaga. Chembe nayo ina mchotaji. Ni protini iliyopachikwa kwenye utando. Kwa kila mzunguko hutoa ioni 3 za sodiamu, huingiza 2 za potasiamu, na hulipwa kwa chembechembe moja ya nishati iliyotokana na sukari. Ikisimama, sodiamu hujaa ndani, maji huifuata, chembe huvimba na mwisho hupasuka.

Aliyeitambua pampu hiyo ni Mdenmark, Jens Skou, mwaka 1957, akitumia mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997, miaka 40 baadaye. Lakini Afrika Mashariki ilikuwa na mkono katika jambo hili kabla yake, na huwa nashangaa kwa nini hatulisemi. Ili kujua pampu inafanya kazi kiasi gani, mtafiti huhitaji kitu cha kuizima, kisha hupima tofauti. Kitu hicho ni ouabain, na jina lake limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale inayochemshwa kutoka mti wa jamii ya msunguti. Sumu ya mishale ya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, itokayo kwenye mti mwingine, huua kwa njia hiyohiyo. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliwahi kuona mapigo ya moyo wake yakibadilika baada ya mswaki wake kuguswa na sumu ya namna hiyo, alipokuwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi. Na mwaka 1953 Hans Schatzmann, kule Uswisi, alionesha kwa kutumia chembe nyekundu za binadamu kwamba dawa za moyo za ukoo wa sumu hizo huzuia usafirishaji wa sodiamu na potasiamu. Wawindaji walijua kinachotokea kwa mnyama; maabara ilikuja kuonesha mlango uliofungwa.

Sasa turudi wodini. Kwa njiti mdogo sana, hasa wa chini ya kilo moja, mkono wa mchotaji ni mzito. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la The Journal of Pediatrics kuhusu watoto wa uzito huo waliopandisha potasiamu katika damu ilhali mkojo wao unatoka vizuri. Walipopima chembe zao nyekundu, pampu ilikuwa inafanya kazi kwa kiwango cha chini kuliko ya njiti wenzao ambao potasiamu haikupanda, na chembe zilikuwa zimepoteza potasiamu yake. Chembe nyekundu hapa ni shahidi tu: ni rahisi kuipata na kuipima, lakini pampu ileile imo katika misuli, moyo na ini. Zote zikilegea pamoja, potasiamu iliyokuwa imefungiwa ndani humwagika kwenye damu katika siku mbili tatu za mwanzo. Ikipita 6.5 au 7, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Kwa nini haikutokea tumboni? Kwa sababu tumboni kondo la nyuma lilikuwa likimsawazishia chumvi zake usiku na mchana. Siku ya kuzaliwa msaidizi huyo huondoka ghafla, na pampu inatakiwa ifanye kazi ambayo ratiba yake ilikuwa wiki kumi mbele.

Ukilijua hili, matibabu yanayowashangaza wazazi yanaeleweka. Mtoto hana kisukari, mbona anapewa insulini na glukosi? Hana pumu, mbona anapewa salbutamol? Zote mbili huisukuma pampu irudishe potasiamu ndani ya chembe. Kalsiamu anayopewa haishushi potasiamu hata kidogo. Inaulinda moyo wakati hizo nyingine zinafanya kazi. Na ile sindano ya dexamethasone anayochomwa mama mwenye dalili za kujifungua mapema, inayosifiwa kwa kukomaza mapafu, inaonekana kuikomaza na pampu pia, kwani watoto ambao mama zao walipata dawa za kundi hilo hawapandishi potasiamu mara nyingi kama wenzao. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2020, uliohusisha Kenya na nchi nne nyingine, watoto wachanga waliokufa ni asilimia 19.6 kwa mama waliochomwa dexamethasone na 23.5 kwa wasiochomwa. Mama aliyeanza uchungu wiki ya 30 asisubiri kupambazuke.

Kuna mlango mwingine, wa kloridi. Hewa chafu ya kaboni hubebwa ikiwa imegeuzwa bikaboneti, na mlango huo huitoa bikaboneti nje ya chembe na kuingiza kloridi. Kimeng'enya kinachofanya ugeuzaji huo ni kidogo mno kwa njiti, na hufikia kiwango cha mtu mzima baada ya mwaka au zaidi. Mtoto humudu kwa kiasi alichonacho, kwa hiyo siliongezi chumvi.

"Potasiamu ikisoma juu, ujue sampuli imeharibika. Rudia tu."

Mara nyingi ni kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Kumbuka kwamba ndani ya chembe potasiamu ni zaidi ya mara 20 ya nje. Kisigino kikikamuliwa kwa nguvu, chembe hupasuka na kumwaga zilichobeba. Mtaalamu wa maabara huliona kwa macho: baada ya kichupa kuzungushwa mashineni, majimaji ya juu ambayo yangekuwa na rangi ya majani makavu huwa ya waridi, au mekundu kabisa kama juisi ya rozela. Jibu hilo halimhusu mtoto, linahusu kukamuliwa.

Lakini majimaji yakiwa safi na namba bado iko juu, kwa njiti wa siku ya pili, usiseme mashine imekosea. Huenda ndiyo ile pampu. Kipimo kirudiwe kwa damu ya mshipa, ndiyo, huku moyo ukiangaliwa.

Na lipo kosa la nia njema: kuiweka damu nzima kwenye friji isiharibike wakati inasubiri gari la kwenda mjini. Kwa kipimo cha potasiamu, friji ndiyo inayoiharibu. Baridi huilaza pampu, mvujo unaendelea, na baada ya saa kadhaa namba imepanda bila chembe hata moja kupasuka, wala majimaji hayageuki rangi. Joto la Mpanda la mwezi wa kumi nalo lina hila yake: mwanzoni pampu huchangamka na kuishusha namba, sukari ikiisha inapanda. Dawa ni moja, kuyatenganisha majimaji na chembe mapema.

"Damu ni damu, mradi kundi linalingana."

Inategemea unaongeza kiasi gani na kwa kasi gani. Mfuko wa damu hukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6, na tumeshaona baridi inavyomfanya mchotaji. Wiki baada ya wiki potasiamu hutoka kwenye chembe hadi majimaji ya mfuko yafikie milimoli 40 au 50 kwa lita kuelekea mwisho wa muda wake. Kwa hiyo anayebadilishiwa damu yote kwa sababu ya manjano kali, au anayepewa nyingi kwa haraka, hutafutiwa mfuko mbichi, kwa kawaida usiozidi siku 5.

Wazazi wengine wakishasikia hivyo hukataa mfuko wowote usio wa jana. Nao wamevuka mpaka. Njiti mwenye upungufu wa kawaida hupewa mililita 15 hivi kwa kilo, polepole, kwa saa 3 au 4. Potasiamu iliyomo katika kiasi hicho ni ndogo na mwili huimudu. Kanada walilijaribu hili kwa watoto 377 wa chini ya gramu 1,250, matokeo yakatoka mwaka 2012: waliopewa damu mbichi hawakuwa na nafuu yoyote kuliko waliopewa ya akiba ya kawaida. Mfuko wa wiki mbili uliopo ni bora kuliko mbichi unaosubiriwa.

Mtaani husemwa pia kwamba damu ya mtoto ni ya baba, hivyo baba ndiye achangie. Mtoto hurithi kwa wote wawili, na baba anaweza kuwa wa kundi lisilomfaa kabisa. Achangie, ndiyo, lakini ipitie Mpango wa Taifa wa Damu Salama ipimwe kama ya mtu mwingine yeyote.

"Alizaliwa na damu nzuri. Hii selimundu kaletewa."

Si kweli, ingawa naelewa lilikozaliwa wazo hili. Mtoto anazaliwa, ananyonya, anacheka, halafu anapokaribia nusu mwaka vidole vinavimba, analia usiku kucha. Nani hatatafuta mchawi? Wasichokiona watu ni kwamba damu yenyewe imebadilishwa hemoglobini katikati.

Tumboni mtoto hutumia hemoglobini ya kichanga, yenye uwezo mkubwa wa kuivuta oksijeni kutoka kwenye damu ya mama. Anayetimiza miezi yake huzaliwa nayo asilimia 60 hadi 80. Njiti wa wiki 30 anayo karibu sehemu 9 kati ya 10. Hiyo haigeuki mundu. Kadiri ya utu uzima inavyochukua nafasi, kwa mtoto aliyerithi selimundu kutoka pande zote mbili, chembe huanza kujikunja. Na hapa ioni zinarudi tena: chembe iliyojikunja huingiza kalsiamu, kalsiamu hufungua njia ya potasiamu ambayo Mhungaria György Gárdos aliieleza mwaka 1958, potasiamu hutoka na maji yake, chembe hukauka, na ikikauka hujikunja zaidi. Ugonjwa ulikuwepo tangu siku mimba ilipotungwa. Tanzania huzaa watoto wapatao 11,000 wa aina hii kila mwaka, na watafiti wa Muhimbili, akiwemo Profesa Julie Makani, wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa tangu 2004. Dawa ya hydroxyurea hufanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuirudisha ile hemoglobini ya kichanga ambayo njiti amejaa nayo.

Kwa njiti kuna mtego mmoja wa ziada. Akishaongezewa damu, kipimo cha selimundu kitasoma pia damu ya aliyechangia, na kinaweza kumtangaza mzima mtoto asiye mzima. Kwa hiyo, mzazi wa Kawajense, siku ya kuruhusiwa hakikisha kadi ya mtoto imeandikwa mambo matatu: alizaliwa wiki ya ngapi, kwa uzito gani, na kama aliongezewa damu, ni tarehe ngapi. Ihifadhi pamoja na kadi ya chanjo, na kila akichukuliwa kipimo itoe kwanza, kabla mtu hajalisoma jibu la mwanao kwa vipimo vya mtu mzima.